Ahadi ni Deni: Matangazo ya Kale na Nyota Wake katika Kumbukumbu Zetu

Utangulizi

Neno "zilipendwa" limezoeleka mno vinywani mwa Watanzania hata hatulitazami tena. Zamani lilitumika kwa nyimbo za dansi za miaka ya 1960 na 1970. Siku hizi hutumika pia kwa michezo ya redio, kwa wachekeshaji wa televisheni, na hata kwa matangazo ya sabuni na dawa ya meno. Hata hivyo, neno hilo lina mambo mawili yanayostahili kuangaliwa na mwalimu wa sarufi pamoja na mwalimu wa fasihi. Kwanza, liko katika wakati uliopita, kana kwamba mapenzi yenyewe yamekwisha, ilhali anayelitamka bado anapenda. Pili, liko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Zilipendwa na nani? Zilipendwa kwa sababu gani? Na wale waliozitunga na kuziigiza walipata nini katika kupendwa huko?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kuchunguza sehemu moja ya zilipendwa ambayo haijapewa nafasi kubwa katika madarasa yetu ya fasihi, yaani matangazo ya biashara na nyota wa redio na televisheni. Mifano mingi nimeichota Manzese, mtaa niishio, ambao zamani ulikuwa ndani ya Kinondoni na sasa umo katika Manispaa ya Ubungo. Dai langu ni hili: tunapoyatamani matangazo ya kale, hatuzitamani bidhaa zilizotangazwa, kwani nyingi hatukuzipata kamwe. Tunaitamani ahadi tuliyoisikia pamoja. Na wahenga wametuachia usemi kwamba ahadi ni deni. Basi mhakiki hana budi kuuliza ni nani anayedai na ni nani anayedaiwa.

Sauti moja mtaa mzima

Redio Tanzania Dar es Salaam ilipata jina hilo mwaka 1965, ikirithi kazi iliyoanzishwa na kituo kidogo cha Dar es Salaam mwaka 1951. Kwa zaidi ya robo karne ilikuwa ndiyo sauti pekee ya taifa upande wa Bara. Mwananchi wa Manzese hakuwa na cha kuchagua, lakini kukosa chaguo huko kulizaa jambo ambalo leo halipatikani kwa urahisi: watu wote walisikia neno moja kwa wakati mmoja.

Manzese ilikua kandokando ya Barabara ya Morogoro bila kupimwa viwanja, hadi katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipouingiza mtaa huo katika mradi wa kuboresha makazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukapata barabara na mabomba ya maji. Nyumba zetu zilikuwa, na nyingi bado ni, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba na mpangaji wake. Kuta za ndani aghalabu hazikufika darini. Redio moja yenye mawe mapya iliwatosha wapangaji wote, na wakati mwingine iliitosha nyumba ya pili. Hivyo mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, au visa vya Mzee Jangala, vilisikilizwa na watu wazima, watoto, wageni na wapita njia kwa pamoja, na kicheko kilipita juu ya kuta kikizunguka nyumba nzima. Kipindi cha Mama na Mwana, ambamo Deborah Mwenda aliwasimulia watoto hadithi, kilikuwa bibi wa watoto ambao bibi zao walibaki vijijini.

Tukumbuke pia kwamba katika Kiswahili neno "tangazo" hubeba mizigo mingi. Taarifa ya serikali ni tangazo, msiba ni tangazo, na sifa za sabuni ni tangazo. Redio iliyasoma yote. Sauti ileile iliyotuarifu jioni kwamba fulani amefariki na maziko ni kesho, ndiyo iliyotushauri kununua kiberiti au kitenge. Msikilizaji alikuwa amejifunza kuiamini katika jambo zito, na imani hiyo akaihamishia kwenye jambo jepesi. Wafanyabiashara wa zama hizo walipata bure kitu ambacho wenzao wa leo hukitafuta kwa gharama kubwa. Ndiyo maana watangazaji kama Julius Nyaisanga, aliyefariki Oktoba 2013, na Halima Mchuka, mwanamke aliyethubutu kutangaza mpira wa miguu katika uwanja wa maneno uliodhaniwa kuwa wa wanaume, walikuwa nyota hata kwa watu wasiowahi kuziona nyuso zao.

Usanii wa tangazo

Wapo watakaosema kwamba tangazo la biashara si fasihi, kwa kuwa lengo lake ni kuuza. Hoja hiyo haina nguvu. Mwimbaji wa sifa katika baraza la mtawala naye alikuwa na lengo, na mnadi samaki ufukweni ana lengo, lakini hatuachi kuzichunguza lugha zao. Tangazo la redio lilikuwa na nafasi fupi, na ufupi huo ulimlazimisha mtunzi kupima maneno kama mshairi apimavyo mizani.

Umbo lililotumika mara nyingi lilikuwa la majibizano. Mtu mmoja analalamika: nguo hazitakati, mtoto anakohoa, au shamba halitoi mazao. Mwenzake anamshangaa, anamcheka kidogo, kisha anamfunulia siri. Yule wa kwanza anashukuru na kuahidi kwenda dukani. Mwanafunzi aliyesoma ushairi atalitambua umbo hili mara moja. Ni ngonjera, ile aliyoieneza Mathias Mnyampala katika miaka ya 1960 kabla ya kufariki mwaka 1969, ambamo asiyejua hubishana na ajuaye hadi wakapatana. Tangazo liliuchukua mwendo huo wote, ila likabadili mwisho wake. Ngonjera humalizika kwa wajibu, tangazo humalizika kwa bei.

Uhusiano wa tangazo na sanaa zetu za jadi ulikwenda mbali zaidi. Takriri ya jina la bidhaa ilifanya kazi ya kiitikio katika ngoma. Swali la kuanzia lilifanya kazi ya "kitendawili", kwa kuwa msikilizaji alijikuta ameshajibu "tega" moyoni kabla hajaamua kusikiliza. Hata michezo ya kuchekesha ilisimama juu ya misemo ya wahenga, kama jina la Pwagu na Pwaguzi lilivyochotwa katika methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi. Mtoto aliyekuwa bado hajafundishwa methali hiyo shuleni alikwisha kuielewa kwa kucheka. Kwa hiyo mtu wa makamo anapolikariri leo tangazo alilolisikia akiwa na miaka minane, asidhaniwe kuwa ana mapenzi ya bidhaa. Anakariri fasihi simulizi, kwa njia zilezile anazokariri wimbo wa jando au wa kubembeleza mtoto.

Sabuni isiyokuwapo

Hapa ndipo tunapofika penye ugumu wa jambo lenyewe. Husemwa kwamba vya kale ni dhahabu. Lakini waliokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajua kwamba maduka yalikuwa matupu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kwa kupanda kwa bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni, viwanda vingi vilikosa malighafi na vipuri. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na nguo vikawa vitu vya kupangia foleni. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya walanguzi. Katika nyumba nyingi, yetu ikiwamo, nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai.

Watoto wa wakati huo tuliyajua matangazo ya sabuni kwa moyo. Tuliyaimba tukiwa tumeinama juu ya karai, mikononi tuna majani ya mpapai. Sisemi haya ili kuwacheka wazee wetu wala kuilaumu redio. Nayasema kwa sababu yanaonyesha wazi kwamba kumbukumbu tamu haikutokana na sabuni. Ilitokana na wimbo uliosema kwamba sabuni ipo, kwamba siku moja itakuja, na kwamba itakapokuja itakuja kwetu sote.

Tulinganishe na matangazo ya aina nyingine. Mwaka 1973 redio iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyokusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, kisha kutenda. Ahadi ya kampeni hiyo ilikuwa afya, na bei yake ilikuwa jasho la msikilizaji mwenyewe: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Miaka ishirini baadaye, Julai 1993, ulianza mchezo wa "Twende na Wakati", uliozungumzia uzazi wa majira na ugonjwa wa UKIMWI kupitia maisha ya Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa na mtambo wa Dodoma, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe mikoa iliyousikia na ule ambao haukuusikia. Watu wa Manzese walimjadili Mkwaju vijiweni kana kwamba alikuwa mpangaji wa mtaa wa pili.

Ukiyaweka matangazo hayo mizanini utaona tofauti. Tangazo la "Mtu ni Afya" lilimwachia msikilizaji choo kilichochimbwa. Tangazo la sabuni lilimwachia wimbo. Vyote viwili vinakumbukwa, na vyote viwili vina thamani, lakini si sawa kuviingiza katika kapu moja la "zilipendwa" bila kuvitofautisha.

Kioo cha nyumba ya jirani

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, wakati nchi nyingi tajiri zaidi barani zilikuwa hazijaifikia hatua hiyo. Bara mambo yalikuwa tofauti. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ni anasa kwa nchi ambayo bado inatafuta maji, zahanati na madawati. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1994 vituo vya kwanza vya binafsi, ITV kikiwa mojawapo, vilianza kurusha picha Dar es Salaam. Televisheni ya taifa, TVT, ilifuata mwaka 2000.

Kwa hiyo nyota wa kwanza wa televisheni Bara walizaliwa kizazi kimoja baada ya nyota wa redio, nao walipokewa kwa namna nyingine. Sauti hupita juu ya ukuta, lakini picha humtaka mtu awe na mahali pa kusimama. Manzese ya miaka hiyo ilikuwa na televisheni chache. Wenye moyo mkunjufu walizisogeza dirishani, na watoto wakapanga matofali nje ili wapate kuona. Wengine walitoza shilingi chache mlangoni. Mtoto aliyesimama juu ya tofali aliyatazama maigizo ya kikundi cha Kaole, ambamo vijana kama Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula walianza kujulikana, na kati ya maigizo hayo aliyatazama matangazo.

Matangazo hayo yalikuwa na mandhari yake. Yalionyesha sebule yenye makochi na jokofu, baba anayerudi na gari, na mama anayepika akiwa amesimama. Nyumba ya vyumba sita haikuonekana, wala jiko la mkaa uani, wala foleni ya ndoo bombani. Vijana wa Manzese waliokuwa watoto wakati huo, ambao sasa wana watoto wao, hunitajia hasa picha za viwanja vya michezo: watoto wakizunguka kwenye pembea za umeme, wakiteleza kwenye mitelezo mirefu na kuangukia majini, kama katika bustani ya maji ya Kunduchi iliyo kaskazini mwa jiji. Wengi wao hawakuifikia Kunduchi walipokuwa wadogo. Ilitaka nauli ya mabasi mawili na kiingilio kwa kila kichwa, na watoto nyumbani walikuwa watano. Pembea walizozijua ni zile za Sikukuu ya Idi, na zile za viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, ambako Julai mzazi akijaliwa aliwapeleka watoto mara moja.

Ni jambo la kutafakari kwamba vijana hao huyatamani matangazo ya viwanja walivyovikosa kwa uchungu uleule ambao sisi tuliowatangulia tunatamani matangazo ya sabuni tuliyoikosa. Hapa vizazi viwili vinakutana. Sisi tulisikia ahadi kupitia juu ya ukuta, wao waliiona kupitia dirishani, na sote tuliipenda kuliko kitu chenyewe. Tofauti ni kwamba ahadi yetu ilikuwa imekwama kwa watu wote, mwenye cheo na asiye nacho, angalau kwa jinsi tulivyoiona sisi watoto. Ahadi yao ilikuwa imekwisha kutimizwa kwa baadhi ya watoto wa jiji lilelile, na wao waliwaona wakicheka ndani ya kioo. Kwa hiyo hamu yao ina chembe ya wivu ambayo yetu haikuwa nayo, na mhakiki mwadilifu hataificha.

Nyota na deni lao

Wafanyabiashara walipogundua kwamba mtazamaji wa kawaida haiamini sana sebule asiyoijua, waliwaendea wachekeshaji. Mzee Small, ambaye jina lake halisi lilikuwa Said Ngamba, na King Majuto wa Tanga, ambaye jina lake lilikuwa Amri Athumani, walikuwa na sura na maneno ya watu tunaowafahamu. Majuto hakuhitaji maneno mengi. Mkao wake, mshangao wake na lafudhi yake ya Tanga vilitosha kumfanya mtazamaji aone mjomba wake mwenyewe. Imani hiyo ilijengwa kwa miaka mingi ya jukwaani na ya filamu. Tangazo liliikopa kwa nusu dakika.

Swali ni kama mkopo huo ulirudishwa. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, kulikuwa na malalamiko kwamba mikataba ya baadhi ya matangazo aliyoyaigiza haikumtendea haki. Waziri aliyekuwa na dhamana ya sanaa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Mzee Small alikuwa amekwisha kututoka Juni 2014, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kwa jirani zetu wa Kenya, Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang' wa mchezo wa "Vitimbi", aliyewachekesha watu wa nchi nzima kwa miaka mingi, alifikia kuchangiwa na wananchi fedha za kutibiwa macho, naye alifariki Julai 2015.

Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika viwanja vya Leaders Club na kumsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni ulidhihirisha ukubwa wa mapenzi ya watu. Mapenzi hayo nayaheshimu. Lakini tumezoea kuwalipa wasanii wetu kwa sarafu mbili tu, kicheko wakiwa hai na machozi wakifa, na sarafu hizo hazipokelewi dukani wala hospitalini. Kauli ya kutendwa inatusaidia kukwepa. Tunasema "zilipendwa", tunafuta machozi, nasi tunajiona tumemaliza. Mtu anayetazama kipande cha Majuto katika simu yake akacheka na kukipeleka kwa marafiki mia moja, amependa kweli. Hata hivyo hajamlipa mtu, na pengine kituo au kampuni inayokitumia kipande hicho kuvuta wateja nayo haijalipa.

Wajibu wetu

Tufanye nini basi? Kwanza, kanda za Redio Tanzania, ambazo sasa ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania lililoundwa mwaka 2007, zihesabiwe kuwa mali ya taifa kama zilivyo nyaraka na mabaki ya kale ya Kaole na Kilwa. Mkanda wa sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili. Pamoja na hotuba na nyimbo, matangazo ya biashara nayo yahifadhiwe. Mwanahistoria wa kesho atakayetaka kujua watu wa mwaka 1982 walitamani nini hatapata ushahidi bora kuliko tangazo la kitu kilichokosekana.

Pili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ifundishwe kwa vijana wanaoingia katika uigizaji, kwa Kiswahili chepesi, kabla hawajaweka sahihi popote. Msanii aulize tangazo lake litarushwa kwa muda gani, wapi, na atapata nini likirudiwa. Maswali matatu hayo ni mafupi, lakini yana uzito wa shamba.

Tatu, mwalimu wa fasihi alipe tangazo nafasi yake darasani. Awatume wanafunzi nyumbani kwa wazee wao, kila mmoja arudi na tangazo moja la kale lililokaririwa kwa mdomo. Kisha darasa lijadili: lina umbo gani la kisanaa, liliahidi nini, je, msimuliaji aliipata ahadi hiyo, na ni nani aliyetoa sauti yake? Naamini wanafunzi watajifunza hapo takriri, majibizano na taswira. Watajifunza pia historia ya uchumi wa nchi yao bila kulazimishwa, kwa kuwa itatoka midomoni mwa watu wanaowapenda.

Kwa ufupi nayaweka hivi katika ubeti mmoja:

Ahadi tuliyopewa, kwa sauti ya redio,
Sabuni tukasifiwa, haikuja mbio mbio,
Mcheza hakugaiwa, ila sifa na kilio,
Deni bado latakiwa, kulipa ni azimio.

Leo katika Manzese kila mpangaji ana simu yake, na kuta zilezile zisizofika darini zinatenganisha watu wanaosikiliza mambo tofauti. Sitamani turudi kwenye mawe ya redio na majani ya mpapai. Lakini watoto wanaosikiliza matangazo ya sasa, kila mmoja kwa sikio lake, nao wanaahidiwa mambo. Tuwafundishe kuisikiliza ahadi kwa masikio mawili: moja la kuufurahia ufundi wake, na moja la kuuliza itatimizwa lini, na kwa nani.